Gari iko kwenye waranti na inaingiza maji ya mvua: mwongozo kamili, toka kapeti ilipolowa mpaka ikauke kabisa

Ukigundua gari yako inaingiza maji mvua ikinyesha na waranti bado ipo, kuna mambo mawili ya haraka, kwanza ujue kwa uhakika ni maji ya mvua na sio mengine, pili tatizo liandikwe kwenye makaratasi ya dila (wakala wa mtengenezaji wa gari) kabla siku za waranti hazijakatika. Ukishika hayo mawili, mengine yote yanafuata.

Wengi wanafanya kinyume. Wanatandika magazeti chini ya miguu, wanaacha milango wazi juani, juu panakauka wanasahau, mvua nyingine ikija wanarudia yale yale, mpaka siku taa ya eabagi (mfuko wa hewa wa usalama) inawaka kwenye dashibodi au mlango unagoma kujiloki ndio wanaenda kulalamika, na hapo dila ana maswali mengi kuliko majibu. Tafadhali usifike huko.

Kwa nini nasisitiza haraka: chini ya kapeti ya gari kuna sponji nene, na hiyo sponji inakunywa maji lita kadhaa bila kapeti ya juu kuonyesha chochote. Chini ya hiyo sponji au chini ya viti ndio zimepita waya nyingi na kwenye magari mengi kuna kontroboksi, yaani vikasha vya kompyuta za gari, zimekaa huko huko, ya eabagi mara nyingi iko katikati karibu na gia, zingine ziko chini ya kiti au kwenye buti pembeni ya tairi la spea. Maji yakikaa, pini za soketi zinaota kutu ya kijani au nyeupe, na uozo wa hivyo unaleta magonjwa ya umeme yasiyoeleweka, leo ipo kesho haipo. Ukungu nao hausubiri, kwenye kitu kilicholowa unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48.

Na usidharau kiasi cha maji. Mvua ya milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa na kioo cha mbele cha gari ya kawaida tuseme ni mita za mraba 3 hivi, kwa hiyo mvua ya milimita 20 imemwagia lita kama 60 sehemu hizo tu, na yote yanatakiwa yapite kwenye mifereji na vimirija mpaka chini. Kimirija kimoja kikiziba, yanatafuta njia nyingine.

HATUA YA KWANZA: HAYO MAJI NI YA NINI

Kuna maji ya aina nne yanaweza kulowesha gari ndani na kila moja lina mlango wake wa kwenda kulalamika.

Maji ya AC. AC ikifanya kazi inatoa maji, na yanatakiwa yadondoke chini ya gari kupitia kimirija. Kikiziba, maji yanarudi ndani, mara nyingi upande wa abiria wa mbele chini ya dashibodi. Kumjua ni rahisi, endesha siku kavu AC ikiwa imewashwa, paki, chungulia chini. Kama kuna joto na unyevu hewani halafu hakuna hata tone chini lakini kapeti imelowa, mshuku huyo.

Maji ya rejeta, yaani kulanti kutoka kwenye kile kirejeta kidogo cha hita. Haya yanateleza na kunata ukishika, yana rangi, yana harufu ya utamu utamu, kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta kwa ndani na kwenye tangi lake kule kwenye injini kiwango kinashuka. Hili ni la haraka zaidi, usiendelee kuendesha huku unasubiri, injini itachemsha.

Maji ya kuoshea kioo. Kwa gari yenye waipa ya nyuma, mpira wa maji unapita ndani ya paa kwenda mlango wa nyuma na ukichomoka unalowesha paa au buti. Yana sabuni, na yanatokea ukibonyeza kuosha kioo tu.

Ukishaondoa hayo matatu na kulowa kunatokea baada ya mvua au baada ya kuosha gari, basi ni maji ya nje na mwongozo huu ni wako.

HATUA YA PILI: PIMA NA PIGA PICHA KABLA HUJAKAUSHA KITU

Hapa watu wanakosea sana, wakiona maji wanakimbilia kitambaa. Subiri kwanza. Toa zile kapeti za juu za mpira, halafu weka kiganja kwenye kapeti yenyewe ukandamize kwa uzito wa mwili wako, hesabu mpaka kumi, uinue. Kama sponji ya chini imejaa, maji yanapanda katikati ya vidole hata kama juu ulipogusa mwanzo palikuwa pakavu kabisa. Rudia kwenye miguu ya dereva, ya abiria, miguu ya nyuma pande zote mbili, chini ya viti, halafu buti, inua na ubao wa tairi la spea uangalie kwenye shimo lake.

Piga picha na video ya kila sehemu, iliyolowa na iliyokavu zote, na video moja ianze nje ionyeshe namba ya gari, iingie ndani bila kukatwa, imalizie kwenye kilomita za dashibodi. Kilomita ni muhimu kwa sababu waranti nyingi zinaisha kwa muda au kwa kilomita, chochote kitakachotangulia.

Andika pia gari ilikuwa imepaki vipi. Imeinamia mbele, imeinamia nyuma, au tairi za upande mmoja zilikuwa juu? Kuna magari yanavuja yakiwa yameinama upande mmoja tu, na dila akiijaribu kwenye sakafu yake iliyonyooka hataona kitu. Kadhalika andika kama ilivuja imesimama au ukiwa kwenye mwendo, mvua ikipigwa na upepo wa spidi inaingia sehemu ambazo mvua ya kushuka wima haifiki.

Baada ya picha, nyonya maji kwa kitambaa au vakyumu ya maji, fungua madirisha kama hakuna mvua. Ila usianze kuchomoa soketi chini ya viti. Za njano kwa kawaida ni za eabagi na mikanda, na kwenye gari ya umeme au haibridi waya za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa, hizo usiziguse kabisa.

HATUA YA TATU: KISIA YANAPOINGILIA

Unaweza ukauliza, kwa nini nihangaike wakati ni kazi ya dila? Kwa sababu fundi akipewa gari na maelezo ya "inaingiza maji" ataimwagia maji dakika tano na kukurudishia. Ukimpa maelezo ya "miguuni kwa abiria wa mbele, baada ya mvua ya usiku, gari imeinamia mbele" anaanza sehemu sahihi.

Jambo la kushika kabla ya yote, penye maji sipo yalipoingilia. Maji yanafuata chuma na waya, yanaweza kuingia juu ya paa nyuma yakatembea ndani ya nguzo zinazoshika paa yakaja kutokea miguuni mbele. Fuata njia kwenda juu siku zote.

Miguu ya mbele ikilowa, angalia kwanza pale chini ya waipa, lile bonde kati ya boneti na kioo. Majani yanajazana pale, matundu ya kutolea maji yanaziba, bwawa linajaa mpaka linafika kwenye tundu la kuingizia hewa. Chomoa filta ya hewa ya ndani, ile ya AC, ikiwa imelowa au ina alama za maji umeshapata mshukiwa. Wa pili ni vile vimpira vinavyoziba matundu ya waya kati ya injini na ndani, hasa kama kuna mtu alipitisha waya wa alamu au wa redio. Wa tatu ni gundi ya kioo cha mbele, na huyu mtilie shaka zaidi kama kioo kiliwahi kubadilishwa.

Gari yenye sanrufu, yaani dirisha la kwenye paa, ina maelezo yake. Watu wanadhani raba ya sanrufu ndio inazuia maji yote, hapana, maji kidogo yanapita pale kila mvua na ndivyo ilivyotengenezwa, yanaangukia kwenye trei halafu yanashushwa na vimirija, kwa kawaida vinne, kimoja kila kona, vinavyopita ndani ya nguzo na kutokea chini karibu na madigadi au milango. Kimirija kikiziba au kikichomoka ndani, yote yanamwagika kwenye paa na nguzo. Dalili ni kitambaa cha dari kuwa na doa karibu na kona, au nguzo ya mbele kulowa kwa ndani. Jaribio lake: fungua sanrufu, mimina maji nusu kikombe taratibu kwenye kona moja ya trei, mwenzako achungulie chini. Yanatakiwa yaondoke yenyewe kwenye trei na yatoke chini baada ya muda mfupi. Yakibaki yamesimama, kumeziba. Yakiondoka kwenye trei lakini chini hakuna kitu, simamisha jaribio hapo hapo, yanamwagikia ndani. Na usipulize kwa kompresa, presha inachomoa kimirija kwenye kiungio chake ndani ya nguzo na sasa umeongeza tatizo la pili ambalo dila atasema ni lako.

Mlangoni nako kuna jambo wengi hawalijui. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida, yanapita pembeni ya kioo yanashuka yanatoka kwenye matundu ya chini. Kinachozuia yasije kwako ni karatasi ya plastiki iliyogundishwa nyuma ya paneli ya mlango. Gundi ikiachia, hasa kama paneli ilishawahi kufunguliwa kutengeneza spika au kioo, maji yanashuka kwa ndani juu ya kizingiti na kapeti inalowa ukingoni. Ukisikia mlango unacheza maji ndani kama dumu ukiufungua, matundu ya chini yameziba. Raba ya mlango ipime kwa karatasi, fungia kipande kati ya mlango na raba kisha kivute, kinatakiwa kigome kidogo, zunguka mlango wote, pale kinapotoka chenyewe raba haibani.

Buti ikilowa, washukiwa ni raba za taa za nyuma, taa ya breki ya juu, raba ya buti yenyewe, na vile vidirisha vya kupumulia hewa vilivyojificha nyuma ya bampa pande mbili. Usisahau kitako cha antena na mashimo ya reli za paa, na pale mabati ya bodi yanapoungana kuna gundi maalumu ya kiwandani, ikiwa na kanafasi maji yanapita. Hiyo ya mwisho, kama gari haijawahi kugongwa, kwa kawaida ni kosa la kiwanda.

HATUA YA NNE: JARIBIO LA MAJI NYUMBANI

Hiari, ila linasaidia sana. Mtu mmoja ndani na tochi, milango imefungwa, mwingine nje na mpira wa kumwagilia, maji ya kutiririka tu, sio ya presha. Anza CHINI kupanda juu. Sababu ni kwamba ukianza juu maji yanashuka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Kila sehemu ipe dakika kadhaa, kizingiti, mlango, kioo, halafu paa mwishoni. Aliye ndani arekodi. Ukiona tone la kwanza, mwambie wa nje asimame pale pale asihame, na umeshapata video ambayo hakuna dila atakayeipuuza.

Usipake silikoni. Narudia, usipake silikoni, hata kama umeliona tundu na linakuita. Ile silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki inatoa asidi wakati inakauka na inaozesha chuma, pia inaficha ushahidi, na dila akiikuta ana sababu ya kusema gari iliguswa. Kufungua paneli kwa fundi wa nje nako kwa wakati huu acha.

HATUA YA TANO: SOMA KITABU CHA WARANTI

Sio kile cha matumizi, kile cha waranti. Tafuta vitu hivi: tarehe waranti ilipoanza (siku ya kwanza gari kusajiliwa au kukabidhiwa, sio lazima siku wewe uliponunua), muda wa waranti kuu, kama raba na marekebisho ya milango vina muda wao mfupi zaidi kwa sababu kampuni nyingi zinavitenga hivyo, waranti ya kutu ambayo huwa inahusu bati kutoboka kutokea ndani tu, na orodha ya vitu visivyolipiwa. Kama ulinunua ile waranti ya nyongeza, isome kwa jicho kali, nyingi zinatoa uvujaji wa maji nje kabisa.

Sababu watakazokutajia kukataa ni zile zile. Mirija imeziba majani, hiyo ni usafi wa mwenye gari. Kioo kilibadilishwa nje. Kuna alamu au kifaa cha kufuatilia gari kimefungwa. Gari iliwahi kugongwa. Gari ilipita kwenye mafuriko. Jiandae na jibu kwa kila moja, kama sevisi zote ulifanya kwao na mirija haikuwahi kusafishwa, uliza kwa upole ratiba ya sevisi inasemaje kuhusu mirija na nani alikuwa na jukumu la kuikagua. Kama kuna kifaa kilifungwa, waombe waonyeshe maji yanapita kwenye tundu la hicho kifaa, maana kifaa kuwepo peke yake sio uthibitisho.

HATUA YA SITA: KWA DILA

Ripoti kwa maandishi kabla hujapeleka gari, imeili au meseji, ukiambatanisha picha. Tarehe ya hiyo ripoti ndio inakulinda kama waranti inaisha wiki ijayo na wao nafasi ya kukupokea wanayo mwezi ujao.

Ukifika, simama pale jobukadi (karatasi ya kazi ya gereji) inapoandikwa na uisome kabla ya kusaini. Nimeshaona imeandikwa "mteja anadai unyevu, imekaguliwa, iko sawa", maneno hayo yakishaingia kwenye rekodi ya gari yanakufuata. Sema unataka iandikwe hivi: "Maji ya mvua yanaingia, kapeti ya abiria mbele imelowa mpaka sponji, tafuta yanapoingilia, rekebisha, kausha, kagua umeme." Hayo maneno manne, TAFUTA, REKEBISHA, KAUSHA, KAGUA, yakikosekana moja watafanya yale matatu.

Mwombe fundi aibonyeze sponji mbele yako kabla hujaondoka, dakika moja tu, na iandikwe kwamba mmeona wote. Uliza kama mtengenezaji ameshatoa taarifa ya kiufundi kuhusu uvujaji wa modeli yako, watengenezaji wanatuma taarifa hizo kwa madila wao na fundi akiikuta anaokoa siku nzima ya kutafuta. Uliza gari ya kutumia, kwa sababu kazi hii ikifanywa vizuri haiishi kwa nusu siku, na ukiambiwa njoo jioni uchukue, uliza wanaikaushaje kwa masaa hayo.

Wakisema hawajaona kitu, sawa, inatokea kweli, mivujo mingine ni migumu. Hakikisha ziara hiyo ina jobukadi yake yenye namba, tarehe na kilomita, hata kama imeandikwa "haijaonekana". Halafu waombe waiache nje mvua ikinyesha, au wajaribu gari ikiwa imeinama kama ulivyopaki wewe.

HATUA YA SABA: MATENGENEZO YANAYOKUBALIKA

Kuziba tundu ni sehemu ndogo ya kazi. Kapeti lazima iinuliwe, sana sana na viti vitolewe, sponji ikaushwe ikiwa imeachana na bati kwa feni na mashine ya kunyonya unyevu, au ibadilishwe kama imeshanuka. Kuacha madirisha wazi juani hakukaushi sponji iliyobanwa kati ya kapeti na bati. Soketi zilizokuwa majini zifunguliwe ziangaliwe, gari isomwe kwa mashine na hitilafu zilizopatikana ziandikwe kwenye karatasi.

Kama kioo cha mbele kimegundishwa upya, uliza gundi inahitaji masaa mangapi kabla ya kuendesha, na siku ya kwanza acha dirisha wazi kidogo na usibamize milango, hewa ikibanwa ndani inasukuma kioo kabla gundi haijashika.

Kabla ya kuchukua gari omba jaribio la maji lirudiwe ukiwepo. Na chukua karatasi inayosema maji yaliingilia wapi na kilichofanyika ni nini. "Imerekebishwa" haitoshi.

HATUA YA NANE: IKIRUDI TENA, AU WAKIKATAA

Kuvuja tena sehemu ile ile ni tatizo lile lile, na ndio maana nilikuambia uripoti kwa maandishi. Hata waranti ikiwa imeisha katikati, unadai kwamba kasoro iliripotiwa ndani ya muda na haikurekebishwa. Usifungue malalamiko mapya, rejea namba ya jobukadi ya kwanza.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha waranti wanachokitumia. Mara nyingi mtu wa mapokezi anakataa kwa mdomo jambo ambalo meneja hawezi kuliweka saini. Ngazi inayofuata ni ofisi ya mtengenezaji au mwakilishi wake katika nchi yako, wapelekee barua fupi, tarehe kwa mpangilio, namba za jobukadi, picha, na unachotaka kifanyike. Wakati huo huo tafuta ukaguzi wa fundi huru ambaye hana maslahi, aandike ripoti bila kufungua kitu. Ukiwa na ripoti hiyo unaweza kwenda kwenye mamlaka ya kulinda watumiaji, na kumbuka sheria ya mauzo ya nchi yako inaweza kukupa haki dhidi ya aliyekuuzia ambazo ziko mbali na waranti kabisa.

Bima mara nyingi haitalipa mvujo wa pole pole, wao wanaangalia tukio la ghafla kama mafuriko. Na kamwe usiite mvujo mafuriko ili ulipwe, ukishasema hivyo waranti umeifunga mwenyewe.

HATUA YA TISA: MIEZI YA MWANZO BAADA YA KUTENGENEZWA

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, rudia lile jaribio la kiganja sehemu zote, na siku kadhaa baadaye tena. Madirisha yakiamka na ukungu kwa ndani kila asubuhi wakati kapeti ya juu ni kavu, sponji haikukauka, rudi. Harufu ya uvundo nayo inatosha kurudi, huhitaji kuona maji.

Toa majani kwenye bonde la waipa na kwenye trei ya sanrufu kila unapoosha gari, piga picha ukimaliza, na ukiosha kwa mashine ya presha usisogeze pua yake karibu na raba za milango na taa. Kila sevisi omba waandike kwamba mirija ya maji imekaguliwa. Makaratasi yote weka pamoja na kitabu cha gari, kwa sababu siku taa ya eabagi ikija kuwaka mwaka kesho kwa ajili ya soketi iliyooza leo, ile jobukadi yenye neno "sponji imelowa" ndio utakayoiweka mezani.